Je, Yafaa Kuwapanga Watu Wote Mstari Mmoja?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Chama cha Kompyuta



Katika gazeti letu la muhula uliopita mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu aliandika makala akikisifu chumba chetu cha kompyuta. Alisema kwamba mashine yaweza kuyapanga majina ya shule nzima kabla mtu hajafumba na kufumbua macho, na ya kuwa tangu sasa kila orodha ya shule hii, ya matokeo, ya zamu za usafi, ya vitabu vya maktaba, ipangwe na mashine kuanzia wa kwanza hata wa mwisho, tuondokane na ugomvi. Niliisoma makala hiyo kwa furaha. Lakini naomba nafasi kidogo nimjibu, kwa kuwa mimi ni mmoja wa walioiandika programu ile anayoisifu, na yaliyotokea kwa sababu yake hayafai kusifiwa yote.

Kwanza yafaa tuelewane orodha ni kitu gani. Wengi wetu tukisikia neno hilo hufikiri juu ya karatasi moja yenye majina kutoka juu mpaka chini, kama ile ya kuitia majina paredi. Orodha ya namna hiyo ni nyepesi. Lakini mambo mengi ya shule hayakai hivyo. Tazama sanduku la bati ulilokuja nalo Kidato cha Kwanza. Ndani yake mna nguo, na mna kimkoba, na ndani ya kimkoba mna sabuni, mswaki na dawa ya meno. Sanduku lenyewe limo chini ya kitanda, kitanda kimo chumbani, na chumba kimo bwenini. Mtu akikuuliza mswaki wako u wapi, humjibu ati ni kitu cha elfu mbili mia tatu katika shule hii. Utamtajia bweni, chumba, kitanda, sanduku na kimkoba, naye ataufikia hata gizani.

Matokeo ya mitihani nayo ni vivyo hivyo. Shule ina vidato, kidato kina mikondo, mkondo una wanafunzi, mwanafunzi ana masomo, na somo lina alama zake. Hiyo ni orodha ndani ya orodha ndani ya orodha.

Watengenezao kurasa za wavuti huandika habari za namna hii mara nyingi kwa mtindo uitwao JSON, ambao Mmarekani Douglas Crockford aliueneza tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Sheria zake ni chache. Mabano ya mraba hushika orodha, yaani vitu vyenye utangulizi: cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mabano ya mikunjo hushika kitu kimoja pamoja na sifa zake, kama vile jina, mkondo na pointi, na sifa hizo hazina wa kwanza wala wa mwisho. Tena ndani ya bano lolote waweza kufungua jingine, na ndani ya hilo jingine, mpaka uchoke mwenyewe. Kuandika hivyo si kazi. Kazi huja pale utakapo kuvipanga vilivyomo na kuvionyesha kwa watu.

Sasa nieleze tulivyofanya. Baada ya mtihani wa moko Mwalimu wa Taaluma alitupa jedwali la matokeo ya Kidato cha Nne, watahiniwa 158 katika mikondo minne, akatuomba tutengeneze ukurasa utakaofunguka katika kompyuta za maabara, na pia uchapwe karatasini na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Wote twajua hesabu ya pointi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5, huchukuliwa masomo saba yaliyo bora, basi mwenye pointi 7 amepata A tupu na mwenye 35 amepata F tupu. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17. Kwa hiyo mwenye pointi chache ndiye wa mbele.

Tuliandika programu kwa lugha ya JavaScript, tukaiamuru ipange kwa pointi. Ikapanga upesi kweli, kama mwenzangu alivyosema. Wa kwanza akawa kijana mwenye pointi 11. Wa mwisho kabisa, chini ya mwenye 35, akawa mwenzetu mwenye pointi 9, ambaye walimu wote walikuwa wakijua kwamba ndiye aliyewashinda wengine. Tulicheka sana siku ile, hata mwenyewe alicheka.

Kosa lilikuwa hivi. Pointi zile zilipotoka katika jedwali ziliingia kwenye programu kama maandishi, wala si kama hesabu. Mashine ikilinganisha maandishi hufanya kama kamusi ifanyavyo: hutazama alama ya kwanza kabla ya kutazama ya pili. Alama ya kwanza ya 35 ni 3, na 3 hutangulia 9, basi 35 ikatangulia 9, kama neno “baba” linavyotangulia neno “na” ingawa lina herufi nyingi zaidi. Nilikuja kujua baadaye kwamba amri ya kupanga ya JavaScript, usipoipa kanuni yako, huwafanyia hivyo hata walio hesabu halisi. Ukiipa 1, 2 na 10 itakurudishia 1, 10, 2. Dawa yake ni kuiambia itoe pointi za wa pili katika pointi za wa kwanza: jibu likiwa pungufu ya sifuri, wa kwanza atangulie. Tukaiambia hivyo, ikatii.

Kama mambo yangeishia hapo nisingeandika makala hii. Kosa lile lilikuwa la mashine kutoelewa, na kila mtu aliliona mara moja. La pili lilikuwa letu sisi, na hakuna aliyeliona, kwa sababu lilionekana kama kazi nzuri.

Ili kupata orodha moja ya wa kwanza hata wa 158, tuliichukua ile mikondo minne tukaivunja kuta zake, tukawamwaga wote pamoja, kisha tukawapanga. Karatasi ilikuwa nyembamba, basi tukabakiza nafasi, jina na pointi tu. Mkondo tukauacha. Namba ya mtahiniwa tukaiacha. Masomo tukayaacha pia, maana nani atasoma yote hayo ubaoni?

Katika kidato chetu wamo vijana wawili wenye jina moja, na baba zao pia wana jina moja. Mmoja yuko mkondo A, alipata pointi 16. Wa pili yuko mkondo C, alipata 33. Wakati walipokuwa kila mmoja ndani ya mkondo wake hapakuwa na shida, kwa maana mkondo ndio uliowatofautisha. Tulipozivunja kuta, wakawa jina moja lililoandikwa mara mbili.

Jumapili ya kutembelewa baba wa yule wa mkondo A alifika asubuhi, kabla hatujatoka kanisani na wenzetu hawajamaliza usafi. Alisimama mbele ya ubao. Alianza kusoma kutoka chini, kama wafanyavyo wazazi wenye hofu. Akalikuta jina la mwanawe kwenye nafasi ya 151, pointi 33. Hakuendelea kupanda juu. Aliuacha mfuko wa karanga na sabuni kwa mlinzi, akarudi kituo cha mabasi bila kumwita mtoto. Mwenzetu alipata habari jioni, alipokwenda kuuchukua ule mfuko. Kitanda chake ndicho cha chini, changu ni cha juu yake, nami usiku ule nilimsikia. Yeye mwenyewe ameniruhusu kuandika haya.

Baadhi ya wenzangu chamani walisema hilo ni jambo la bahati mbaya tu. Ongeza namba ya mtahiniwa, yaishe. Ni kweli namba ingalitosha kumwokoa yule mzee. Ukiwatoa watoto ndani ya mzazi wao ili uwapange, huna budi kila mmoja abebe anwani ya alikotoka, kama bahasha ibebavyo sanduku la posta. Lakini mimi naona kosa lilikuwa kubwa zaidi ya namba, na nitasema kwa nini.

Mstari ule mmoja ulipobandikwa, kila mtu aliona kwamba chini, kuanzia nafasi ya 120 hivi, wengi walikuwa wa mkondo C. Haikuandikwa, lakini sisi twajuana. Mara yakaanza maneno bwaloni. Ati mkondo C ni wavivu. Ati mkondo C hawafiki maktabani usiku. Hata kiranja mmoja alilisema jambo hilo paredi, mbele ya Kidato cha Kwanza.

Baada ya ile habari ya mzee nilirudi maabara, nikaichukua data ile ile, sikuongeza wala kupunguza kitu, nikairudisha ndani ya kuta zake. Safari hii sikuwapanga wanafunzi kwanza. Nilianza ndani kabisa. Kwa kila mwanafunzi nikapanga masomo yake, lililo baya zaidi likae juu. Kisha nikapanda ngazi moja, nikatazama kwa kila mkondo ni somo gani limekaa juu mara nyingi. Katika mikondo A, B na D palikuwa na mchanganyiko, huyu hisabati, yule kemia. Katika mkondo C palikuwa na neno moja karibu kwenye kila jina: fizikia. Na kila mtu shuleni ajua kwamba mwalimu wa fizikia wa mkondo C alihamishwa mwezi wa pili, na hakupatikana mwingine mpaka mwezi wa sita. Walikuwa wakinakili madaftari ya mkondo B usiku.

Data ilikuwa hiyo hiyo, na pointi hizo hizo. Ukiipanga kwa mstari mmoja yasema, “Watu hawa ni wavivu.” Ukiipanga ikiwa ndani ya kuta zake yasema, “Watu hawa walikosa mwalimu kwa miezi minne.” Mwenzangu aliyeandika muhula uliopita alisema mashine haina upendeleo. Ndiyo, haina. Lakini aliyeiambia ipange kwa nini, na aliyezivunja kuta, alikuwa mimi.

Njia iliyo sawa ni ile aifuatayo kiranja wa bweni siku ya ukaguzi. Haanzi kwa kuyamwaga masanduku yote ya bweni uwanjani. Huingia chumba cha kwanza, kitanda cha kwanza, hufungua sanduku, hutazama kilichomo na kukipanga, hulifunga, ndipo huenda kitanda cha pili. Akimaliza vitanda hutoka chumbani na kuingia chumba cha pili. Katika programu jambo hili huandikwa kwa amri moja fupi yenye tabia ya ajabu kidogo, maana hujiita yenyewe. Ikikuta orodha huipanga; ikiona ndani ya vilivyomo mna orodha nyingine hujiita tena ikaipange hiyo; isipoona kitu ndani hurudi ilikotoka. Haijali kama ngazi ni tatu au kumi. Nilipoiandika mara ya kwanza sikuamini kwamba mistari michache ile yatosha.

Jambo moja tu haliwezi kufanywa na amri hiyo, nalo ni kuchagua kipimo cha kila ngazi. Vidato vipangwe kwa namba. Mikondo kwa herufi. Majina kwa abjadi, na hapa napo pana mitego: mashine huzijua herufi kwa namba zake, na herufi kubwa zote zina namba ndogo kuliko herufi ndogo zote, basi jina lililoandikwa bila herufi kubwa huanguka chini ya Zuberi, na ile alama ya ng' hutangulia herufi yoyote. Iko amri ya kulinganisha maneno kwa desturi ya lugha, nasi sasa twaitumia. Masomo yapangwe kwa alama. Kila ngazi na kipimo chake, wala usichukue kipimo cha ngazi moja ukailazimisha ngazi nyingine.

Hata kamusi zetu zimeonyesha jambo hili. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotoka 1939, huweka maneno ndani ya mzizi wao, basi ukitaka neno “mpishi” unalikuta chini ya “pika”. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 huliweka penye herufi M. Zote mbili zimo maktabani kwetu, na ya Johnson imekatika jalada. Mimi nikitaka neno kwa haraka huchukua hii ya 1981, lakini nikitaka kujua neno lina ndugu gani hurudi kwa Johnson. Maneno ni yale yale. Tofauti ni msomaji atakaye nini.

Najua nitaambiwa kwamba mashindano huamsha bidii, na kwamba mtu asipojua amekuwa wa ngapi atalala. Sitaki kujifanya mwema. Kidato cha Pili nilikuwa wa 41, na aibu ya namba ile ndiyo iliyonifanya niamke saa kumi usiku kusoma. Lakini niliambiwa namba ile na mwalimu, ndani ya karatasi yangu. Haikubandikwa ili baba wa mtu mwingine aisome. Baraza la Mitihani lenyewe lilipotangaza matokeo ya Kidato cha Nne mwezi wa Januari 2023 liliacha kutangaza wanafunzi na shule zilizoongoza kitaifa. Matokeo hayakufichwa. Kila kituo kimo na watahiniwa wake, na kila mtahiniwa na masomo yake. Kilichoachwa ni ule mstari mmoja wa nchi nzima. Sielewi kwa nini sisi, shule moja ya bweni, tushikilie kitu ambacho taifa limekiweka chini.

Na hata mkitaka nafasi ziwepo, basi zihesabiwe kwa haki. Katika orodha yetu wawili walilingana kwa pointi 17, programu ikampa mmoja nafasi ya 22 na mwenziwe ya 23, kwa sababu tu jina la mmoja laanza na A na jedwali lilikuwa limekuja kwa abjadi. Tangu 2019 kanuni za JavaScript zaagiza kwamba waliolingana wabaki kwa utaratibu waliokuja nao. Ni kanuni nzuri kwa mpangaji, lakini haisemi kwamba wa mbele amemshinda wa nyuma. Hao wote wawili ni wa 22, na anayefuata ni wa 24.

Waandikao programu na wajihadhari pia na hili: amri ya zamani ya kupanga huipangua orodha ile ile uliyoipa, haikuachii nakala. Sisi tulipopanga kwa pointi tulikuta ukurasa wa mahudhurio nao umegeuka, na ilituchukua jioni mbili kujua sababu. Mwaka 2023 lugha hiyo ilipata amri nyingine itoayo nakala iliyopangwa na kuiacha ya asili kama ilivyokuwa.

Kuhusu kuonyesha sitasema mengi. Tulijaribu kuandika kila ngazi ikisogea kidogo kuliani mwa iliyo juu yake, na katika kompyuta ilipendeza, lakini Mwalimu wa Taaluma alipoifungua kwenye simu yake masomo yalikuwa yamebanwa ukutani, herufi tatu tatu kwa mstari. Sasa kila ngazi yakunjwa. Ukifungua ukurasa unaona vidato tu. Ukigusa kidato inafunguka mikondo. Ukigusa mkondo yanatoka majina kwa abjadi, na ukigusa jina yanatoka masomo, lililo dhaifu likiwa juu. Na juu ya ukurasa imeandikwa wakati wote njia uliyopita: Kidato cha Nne, Mkondo C, namba fulani. Mzazi akisimama hapo hawezi kupotea.

Pendekezo langu ni kwamba matokeo ya muhula huu yaonyeshwe kwa ukurasa huo, na karatasi za ubaoni zichapwe nne, mkondo mmoja karatasi moja, kwa abjadi, zikiwa na namba za watahiniwa. Nafasi ya mtu aambiwe mwenyewe na mzazi wake. Chama cha Kompyuta kimekwisha lipigia kura jambo hili: kumi na moja walikubali, sita walikataa, na mwandishi wa makala ya muhula uliopita ni mmoja wa wale sita, nami namheshimu kwa kuwa alisimama na kusema sababu zake. Mwalimu wa Taaluma amesema atalipeleka kwa Mkuu wa Shule.

Jibu bado. Orodha ya moko ingali ubaoni, nyuma ya kioo chenye ufa, na funguo za kioo hicho haziko kwetu. Juzi nilipopita niliona mtu ameandika kwa kalamu ya risasi, pembeni ya nafasi ya 151, herufi C. Hati ilikuwa ya mwenzangu wa kitanda cha chini.